Mzigo wa Kongo: ogopa siku kuliko ajali

Mkuu, umeuliza hatari kubwa ni ipi kwa mtu mwenye gari tatu za mkopo na mteja mmoja wa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo: ajali, wizi au mafuta kupanda. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar yenye malori yake, mizigo yetu mingi ikipita mpaka wa Tunduma na Nakonde kuingia Zambia, kisha Kasumbalesa kuingia Kongo. Ajali na wizi vinaumiza, ila vina bima. Kampuni nilizoziona zikifunga zilimalizwa na siku: gari limesimama, gharama zinaendelea, pesa ya mteja haijaingia.

Kabla gari halijatoka bandarini umeshalipa mafuta, mileji (posho ya safari) ya dereva na tozo za barabara za nchi mbili. Mteja anasema atalipa siku 30 baada ya kupokea mzigo, na hesabu hiyo haianzi mpaka karatasi ya kupokelea yenye mhuri ifike kwa mhasibu wake. Dereva akiipoteza, umeanza upya. Benki yako nayo inataka rejesho tarehe ileile kila mwezi.

Halafu kuna kontena lenyewe, na hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Kampuni ya meli inakupa siku za bure, zikiisha unalipa dola kila siku mpaka kontena tupu lirudi kwenye yadi waliyokuelekeza. Aliyechelewa kushusha ni mteja, lakini aliyesaini dhamana ya kontena ni wewe. Tuliwahi kupeleka vipuri vya mashine kwenye mgodi mmoja, tukakuta kreni yao ni mbovu. Mzigo ukakaa juu ya tela zaidi ya wiki, na wakati wa kurudi gari likakutana na foleni ya Kasumbalesa. Kontena lilipofika yadi Dar, mkaguzi aliingia ndani, akafungiwa milango, akatazama mwanga unapenya wapi. Akakuta tundu ubavuni, kwenye bati lililobonyea. Ankara mbili zikaja kwetu, ya siku na ya matengenezo. Ya matengenezo ilifutwa kwa sababu dereva alipiga picha lile bonyeo akiwa bado getini siku ya kuchukua mzigo, na likaandikwa kwenye karatasi ya makabidhiano. Ya siku tulilipa, kisha tukamdai mteja, kwa kuwa mkataba ulisema wazi nani anabeba gharama za kuchelewa kushusha. Bila mstari ule faida ya safari yote ingekwenda.

Ukishika na kazi ya forodha, bondi nayo ni siku. Mzigo wa tranziti, yaani unaopita tu kwenda nchi nyingine, haulipiwi ushuru hapa kwa sababu kuna aliyeweka dhamana kwamba utatoka nchini. Usipothibitishwa kwenye mfumo kuwa umetoka, TRA, mamlaka ya mapato, inamfuata mwenye dhamana. Kwa hiyo dereva akipiga simu kusema amevuka Tunduma, usifunge faili. Lifunge bondi ikishafutwa.

Mambo makubwa ya dunia nayo yanakufikia kwa njia hiyohiyo. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa ajili ya korona. Agosti 2024 ikafunga mpaka wake na Kongo baada ya Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kuingia. Zilikuwa siku chache tu, lakini malori yaliyosimama yalikuwa na marejesho ya kulipa. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema kukwepa mashambulizi ya Wahouthi Bahari ya Shamu, na ratiba uliyompa mteja inavurugika hujafanya kosa lolote. Na Ever Given ilipokwama Suez Machi 2021, mwenye meli alitaka wenye mizigo wachangie gharama za kuinasua. Mteja asiye na bima ya baharini akikutwa na hilo, mzigo wake unazuiwa mpaka aweke dhamana.

Mafuta yasikunyime usingizi kiasi hicho. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila mwezi, funga nauli yako kwenye tangazo hilo ipande na kushuka nalo, na uandike hivyo kwenye mkataba.

Kwa hali yako ningedai angalau nusu ya nauli gari likipakia, na malipo ya kila siku ambayo gari limesimama kwa mteja baada ya saa 48. Wateja makini wa migodini wanavijua vipengele hivi, hawavishangai. Huyu wako akikataa kuviandika, mpe gari moja tu, mbili zitafutie mzigo wa ndani ya nchi, wa Mbeya au Makambako, unaolipwa ukishusha, hata kama nauli ni ndogo. Na kabla hujasaini chochote, weka hapa kipengele cha malipo, majina ukiyaondoa, tukisome pamoja.