Mwalimu wa shule ya wasichana na sayari saba

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: je, mtu anayeamkia kazini kila siku anaweza kutunga kitu kikubwa, au sanaa haikubali mke mwenza? Nimekaa nalo siku nne. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Natoka shuleni saa tisa, na jioni tatu kwa wiki nafundisha kwaya ya usharika wetu. Kwa hiyo swali hili nalijua kwa mwili, si kwa kusoma tu. Jibu langu ni mtu mmoja, mtunzi wa muziki Mwingereza, Gustav Holst.

Wanaomjua wanamjua hasa kwa utungo wake The Planets, yaani Sayari. Una sehemu saba: Mirihi, Zuhura, Utaridi, Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Okestra yake ni kubwa mno, ina vinubi viwili, ina ogani, ina safu nzima ya tarumbeta na tromboni. Mirihi inakwenda kwa mapigo matano matano, ngoma na nyuzi zikigonga bila huruma, na mara ya kwanza nilipoisikia nilisimama katikati ya chumba nikashindwa kuketi. Utadhani mtunzi alilipwa na mfalme akae bila kazi nyingine. Kumbe aliuandika kati ya 1914 na 1916, sehemu kubwa siku za Jumapili na likizo, ndani ya shule ya wasichana isiyo na watu.

Alizaliwa Cheltenham mwaka 1874, baba yake akiwa mwalimu wa piano. Alikuwa na pumu, macho hafifu, na mkono wa kulia uliokuwa ukimuuma mishipa hadi ndoto ya kuwa mpiga piano ikafa. Akashika tromboni, ala ya shaba ya kupuliza, akapata mkate wake kwa tromboni miaka kadhaa. Mwaka 1905 akaajiriwa St Paul's Girls' School, Hammersmith, London, na kazi hiyo hakuiacha hadi kifo chake. Miaka miwili baadaye akaongeza Morley College, chuo cha jioni cha watu wazima waliokuwa wakitoka kazini kwao wamechoka kama yeye. Rafiki yake wa kufa na kuzikana, mtunzi mwenzake Ralph Vaughan Williams, alikuwa na mali ya ukoo na hakulazimika kufundisha ili ale. Walikutana chuoni mwaka 1895, na tangu hapo kila mmoja akawa anamwonyesha mwenzake alichokitunga na kukosolewa bila kuoneana haya. Nawataja wote wawili kwa sababu wao ndio swali lenu lenyewe: mmoja ana nafasi, mwingine ana kengele ya shule.

Ninachoamini ni kwamba kengele ile haikumnyang'anya Holst muziki wake. Ilimpa watu.

Chukueni habari ya Morley. Kulikuwa na kazi ya mtunzi wa karne ya 17, Henry Purcell, iitwayo The Fairy Queen, ambayo nota zake zilikuwa zimepotea kwa muda mrefu sana kabla ya kupatikana tena. Holst akataka wanafunzi wake waiimbe. Nota za kila mwimbaji na kila mpigaji hazikuwapo, basi wanafunzi wakazinakili kwa mkono, kurasa zipatazo 1,500. Mwezi Juni 1911 wakaiimba mbele za watu. Anayefundisha kwaya kwa solfa anajua kunakili ni nini. Unakaa usiku na rula, sauti nne zikipangana moja chini ya nyingine, na nukta moja ikisahaulika alto wanaingia kabla ya wakati wao. Mimi kurasa kumi na mbili hunimaliza Jumamosi nzima. Kurasa 1,500 haziandikwi na watu waliolazimishwa. Ziliandikwa na watu waliompenda mwalimu wao na wakaupenda muziki kwa sababu yake.

Watu wa namna hiyo ndio waliokuja kumshika mkono wakati wa Sayari, na hapa sisemi kwa mfano. Mkono ulikuwa ukimuuma kiasi kwamba kuandika nota za okestra nzima hakuweza. Mwaka 1913 shule ilikuwa imefungua jengo jipya la muziki, ndani yake kukiwa na chumba chake kisichopitisha sauti. Kama shukrani aliwatungia wasichana utungo wa nyuzi, St Paul's Suite, ambao hadi leo okestra za wanafunzi duniani kote zinaupiga. Katika chumba hicho walikuwa wakikaa naye walimu wenzake wawili, Vally Lasker na Nora Day, pamoja na mwanafunzi wake wa zamani, Jane Joseph. Yeye anaonyesha, wao wanaandika. Lasker na Day walikuwa wakiupiga utungo huo kwa piano mbili ili ausikie kabla okestra yoyote haijaugusa. Waswahili walishasema mkono mmoja haulei mwana, na mkono wa Holst ulikuwa mmoja kweli.

Hata likizo zake zilizaa. Mwaka 1908 daktari alimpeleka Algeria kwa ajili ya afya, akazunguka jangwani kwa baiskeli. Huko alimsikia mpiga filimbi akirudia kipande kifupi kilekile bila kuchoka. Akarudi nacho London, na katika utungo wake Beni Mora filimbi inakirudia mara 163 huku okestra ikibadilika kuizunguka. Ulipopigwa mara ya kwanza mwaka 1912 haukupokewa vizuri na kila mtu ukumbini. Kwetu tuliokulia kwenye ngoma, kurudia si umaskini wa mawazo, na nafurahi kwamba Mwingereza mmoja alilisikia hilo Afrika akaliheshimu.

Sayari zilisikika kwa mara ya kwanza Jumapili ya tarehe 29 Septemba 1918, Queen's Hall, London. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa haijaisha. Holst alikuwa karibu kusafiri kwenda Salonika, Ugiriki, kuwafundisha askari muziki, na rafiki yake mwenye uwezo, Balfour Gardiner, akamlipia ukumbi na okestra kwa asubuhi hiyo kama zawadi ya kuagana. Kijana Adrian Boult aliongoza. Wapigaji walikuwa na mazoezi yasiyofika saa mbili. Binti yake, Imogen, alisimulia baadaye kwamba akina mama waliokuwa wakisugua sakafu za korido za nje ya ukumbi, Mshtarii ilipoanza, waliweka brashi zao chini wakacheza. Mimi nikisikia Mshtarii huwaona wao kabla ya kuona sayari yoyote.

Na Neptuni, ya mwisho. Mwishoni kunasikika wanawake wakiimba bila maneno, nao hawaonekani. Mtunzi ameagiza kwenye nota kwamba wakae chumba cha pembeni, mlango ukiwa wazi, na kipande cha mwisho warudie rudie huku mlango ukifungwa taratibu, hadi msikilizaji asijue wamenyamaza saa ngapi. Asubuhi ile waimbaji wale walitoka kwa wanafunzi wake. Ni mwalimu tu angeweza kuwaza hivyo, mtu aliyepita kwenye korido za shule akisikia wasichana wakifanya mazoezi nyuma ya mlango.

Ijumaa Kuu mwaka jana nilijaribu jambo hilo na kwaya yetu. Nikawaweka sauti ya kwanza na ya pili ndani ya sakristia, wakarudia mstari wa mwisho, na mzee wa kanisa akausukuma mlango polepole. Bawaba nilikuwa nimezipaka mafuta ya kupikia Alhamisi jioni. Sauti ilipungua ikawa kama uzi, kisha sikujua kama bado nasikia au nakumbuka. Hakuna aliyekohoa. Mama mmoja kiti cha mbele alibaki ameshika kitambaa chake hewani, mkono haujafika usoni.

Siwezi kuwaficha upande wa pili. Mwili wa Holst ulilipa. Mwaka 1923 alianguka kutoka jukwaani akiongoza muziki mjini Reading, akaumia kichwa, na mwaka uliofuata madaktari wakamwamuru aache karibu kila kitu apumzike. Alikwenda Thaxted, kijiji cha Essex alichokipenda. Ukiniuliza nani alimchosha, ajira au umaarufu ulioletwa na Sayari, mimi nasema umaarufu ulichangia pakubwa. Waandishi, karamu, watu wakitaka saini yake, yote hayo hakuyapenda hata kidogo. Alipopunguziwa kazi, masomo aliyobaki nayo ni ya wasichana wa St Paul's.

Mwaka 1933, akiwa mgonjwa sana, alitunga Brook Green Suite kwa ajili ya okestra ya wanafunzi wadogo wa shule hiyo. Mtu aliyeandika Mirihi alikuwa akihesabu vidole vya watoto viweze kufika wapi kwenye uzi. Alifariki tarehe 25 Mei 1934, baada ya upasuaji, akiwa na miaka 59.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, jibu langu ni ndiyo, anaweza, lakini si peke yake. Wanaouliza "nitapata wapi muda" nawaomba waulize pia "wako wapi watu wangu". Mimi Jumapili yangu imeliwa na ibada mbili, basi Mkuu wetu wa shule amenipa ufunguo wa maktaba kwa Jumamosi alasiri. Naiwekea Zaburi ya 121 sauti nne. Sauti ya pili ananinakilia binti mmoja wa Kidato cha Tatu, mstari umenyooka, kila nukta mahali pake. Tumefika aya ya tano.