Nimehama Masasi, adhabu za kadi zimenifuata

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu. Mwezi Januari nilihamishwa kutoka Masasi kuja Mtwara Mjini, na sasa nimepanga Shangani. Nina kadi ya mkopo ya benki, ambayo taarifa zake za kila mwezi zilikuwa zikipitia sanduku la posta la shule niliyotoka. Mwezi Mei mwenzangu alinitumia kwa basi mfuko wa korosho, na chini ya korosho nikakuta bahasha nne za benki ambazo hazijafunguliwa, zote zikiwa na riba na adhabu za kuchelewa. Ofisa wa tawi ameniambia kosa ni langu. Je, ni haki nilipie taarifa ambazo sikuziona?
Mwalimu, Shangani

JIBU: Mwalimu, tuanze na lisilopendeza. Wajibu wako wa kulipa hautokani na bahasha, unatokana na mkataba uliotia saini ulipochukua kadi. Fedha ulizotumia ni deni lako, uwe Masasi, Mtwara au Nachingwea, na kwa kawaida mikataba ya namna hii humtaka mteja aiarifu benki mara anapobadili anwani. Isitoshe, uliyekuwa ukitumia kadi ni wewe, kwa hiyo ulijua kwamba kila mwezi kuna kiasi cha kulipwa, hata kama hukukijua hadi senti ya mwisho.

Hata hivyo, riba na adhabu ni mambo mawili tofauti, na hukutueleza kama uliiarifu benki kabla ya kuhama. Hapo ndipo penye kiini cha shauri lako. Kumtajia karani dirishani kwamba umehamishwa, huku foleni ikikusukuma mgongoni, ni vigumu kukuthibitisha baadaye. Lakini ikiwa uliandika barua au ulijaza fomu, na unayo nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, basi benki iliyoendelea kutuma taarifa Masasi ndiyo iliyozembea, nawe una sababu nzuri ya kudai adhabu zifutwe. Angalia pia fomu hiyo ilihusu nini, maana kubadili anwani kwenye akaunti ya mshahara si lazima kuwe kumebadili anwani ya kadi, hata kama benki ni moja.

Kama hukuarifu, bado unaweza kuomba msamaha wa adhabu, hasa ikiwa miaka ya nyuma ulilipa kwa wakati. Hilo litakuwa ombi, si dai, na barua iandikwe kwa lugha ya ombi.

Malalamiko yaanze kwa benki yenyewe, kwa maandishi. Usiporidhika na jibu, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya wateja wa mabenki, nayo ina tawi hapa hapa Mtwara. Omba pia kuona taarifa zako za mikopo, kwa kuwa mabenki hupeleka kumbukumbu za wakopaji kwenye taasisi za taarifa za mikopo, na ucheleweshaji ulioandikwa humo unaweza kukukwamisha siku utakapoomba mkopo wa kujengea.

Wakati shauri linaendelea, usisimamishe malipo. Lipa walau kiwango cha chini cha kila mwezi, kisha ueleze kwa barua kwamba unalipa huku ukiendelea kuzipinga adhabu za Januari hadi Mei.