Mtoto haandikiwi miwani bila matone, hata mashine iwe ya dhahabu

Mkuu, umeuliza kuhusu mshahara, kozi ya kujiendeleza, na kama ni kweli anavyosema bosi wako mpya hapo Dodoma kwamba kliniki ya macho ya watoto siku hizi inaendeshwa na mashine ya kompyuta inayotoa namba ya miwani, "matone ni mambo ya kizamani", yaani ile dawa ya kulegeza jicho kabla ya kupima. Nilipofika hapo chai ilinipalia. Usikanyage hiyo kliniki kabla hujasoma haya.

Hayo maneno nayajua. Niliambiwa na jamaa aliyenipokea kazini nilipoanza. Koti jeupe, kalamu tatu mfukoni, na haraka ya mtu anayelipwa kwa fremu. "Mtoto aweke kidevu, bonyeza, toa karatasi, peleka kwa wakata lenzi. Ukianza matone atakaa hapo anakulilia, foleni ifike barabarani." Kijana mimi nikaiamini ile karatasi kama risiti ya EFD. Imetoka kwenye mashine, nani abishe?

Sasa sikiliza kinachotokea. Mtoto akichungulia humo ndani anaona picha, mara nyingi puto mwisho wa barabara. Kwa mashine puto liko mbali. Kwa mtoto liko hapo puani, anataka alishike. Lenzi ya jicho lake bado laini, inajikaza kwa nguvu ambazo wewe na mimi tulishaziaga. Anakaza, mashine inapima jicho lililokazwa, inatema minasi, namba ya asiyeona mbali. Mtoto wa plasi kubwa, yule ambaye jicho lake linalazimika kukaza ili lione, hasa karibu, anatoka hapo na minasi mkononi, au na sifuri, na wewe unamwambia mama "yuko sawa kabisa".

Mgonjwa niliyemkosea mimi alikuwa mvulana wa darasa la kwanza, mama yake kamleta kutoka upande wa Chamwino. Kichwa kinamuuma akisoma, na jioni jicho la kushoto "linakimbilia puani". Soma hapo tena. Jicho linaingia ndani mtoto akichoka! Hapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeshtuka. Mimi kilichonishtua ni urefu wa foleni. Mashine ikatoa minasi 0.75 macho yote mawili, nikaandika, wakachagua fremu ya bluu, mama akalipa na kunishukuru kwa mikono miwili. Nikajiona daktari. Mama mkwe alikuwa ananiita hivyo tayari, na sikuwahi kumsahihisha, msinicheke.

Ukimvalisha minasi mtoto wa plasi unamlazimisha kukaza zaidi, na macho yakikaza yanavutana kuelekea ndani. Mama alirudi baada ya mavuno. Mtoto anaangalia kwa juu ya fremu, kidevu kifuani, makengeza yanaonekana mchana kweupe. Mwalimu alishamhamishia dawati la mbele akidhani namba ni ndogo. Na yule jamaa yangu alisemaje? "Ongeza namba." Naapa, hivyo hivyo, bila hata kuinua macho kwenye simu.

Pona yetu siku hiyo alikuwepo dada mmoja wa optometria, kasomea KCMC kule Moshi. Akamtia saiklopentoleti, ndiyo hayo matone ya kulegeza jicho, akamkalisha kwenye benchi, akasubiri, ndipo akashika retinoskopu, kile kifaa cha kumulika jicho na kupima namba kwa mkono. Kulia plasi 3.50. Kushoto plasi 5.00. Hilo la kushoto lilishazoea kupumzishwa, hata kwa lenzi sahihi halikuvuka mistari ya juu ya chati. Akaanzishiwa kuzibwa jicho lenye afya, la kulia, kwa muda wa saa mbili kila siku ili lile legevu lifanye kazi. Lilipanda, lakini halikufika. Umri ule ndio ubongo unajifunza kuona, na sisi tuliutumia kuuza fremu ya bluu. Jamaa nasikia amefungua duka lake, kapaka rangi, kaandika mlangoni "wataalamu wa watoto". Mji sitaji, nina familia.

Kwa hiyo shika hili: mtoto haandikiwi miwani mpaka jicho limelegezwa kwa matone. Karatasi ya mashine ni pa kuanzia tu. Wewe fundi utatia matone kwa maelekezo ya daktari au optometria, lakini macho ya kwanza kumwona mtoto ni yako, kwa hiyo kelele anza wewe. Kabla ya kutia, uliza kama ana homa au amewahi kupata degedege, mwambie mkubwa wako. Tone moja, bonyeza taratibu kona ya jicho karibu na pua ili dawa isishuke mwilini, rudia baada ya dakika 5 hadi 10, halafu subiri dakika 30 hadi 45. Macho yetu meusi yanachelewa. Na usidanganywe na mboni iliyopanuka, inaweza kupanuka wakati jicho bado linakaza. Mama mwambie mapema kwamba mtoto ataona ukungu wa karibu mpaka kesho yake, na jua la Dodoma litamchoma macho, amfunike kofia au kanga wakiwa kwenye bodaboda. Usipomwambia atarudi kukugombeza, na atakuwa na haki.

Jingine, hapo mkoani ukitaja macho ya mtoto kila mtu anawaza trakoma, ule ugonjwa wa macho wa kuambukiza, kwa sababu wilaya ya Kongwa imefanyiwa utafiti wake tangu miaka ya 1980. Sawa, ipo. Lakini nimeona watoto wa makengeza wakizungushwa na mafuta ya tetrasaiklini, dawa ya trakoma, mwaka mzima. Na ukiona mboni nyeupe, kwenye picha ya simu au kwa tochi, usipange tarehe. Rufaa siku hiyo hiyo, maana inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya ndani ya jicho.

Kabla hujasaini mkataba, mwambie huyo bosi akuonyeshe chupa ya saiklopentoleti na tarehe iliyofunguliwa. Ikiwa imepita wiki nne, au imeachwa dirishani inapigwa jua, njoo uniandikie hapa kabla hujapima mtoto yeyote.