Jibu: Kuugua siku 14, bosi anataka kuzikata kwenye likizo ya mwaka

Pole sana ndugu kwa kulazwa. Bosi wako hana haki ya kuzikata siku hizo 14 kwenye likizo yako ya mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania Bara inamkataza mwajiri kutumia likizo ya mwaka kufidia likizo nyingine unayostahili.

Na likizo ya ugonjwa unayo: siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Umesema una mwaka wa pili kazini, kwa hiyo uko salama. Wenye chini ya miezi sita ndio kwa kawaida hawaipati.

Kinachowaangusha wengi ni cheti. Bila cheti cha daktari aliyesajiliwa, mwajiri halazimiki kukulipa. Kipeleke leo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na uandike barua fupi. Maneno ya mdomo ofisini yanakanwa, nimeona watu wakiumia hivyo.

Bosi akigoma, nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) ujaze fomu ya malalamiko. Kwa madai kama haya una siku 60, usizichezee.