Tumeshinda sisi, wanaongelewa wao

SWALI: Mhariri, shikamoo. Naishabikia klabu ya katikati ya msimamo tangu utotoni. Mwezi uliopita tuliwafunga vigogo wa ligi mabao mawili kwa moja, tena kwao. Nikakaa mbele ya televisheni nisikie tukisifiwa. Wachambuzi wakaanza: kocha wao atafukuzwa lini, beki wao alicheza akiwa mgonjwa, mwamuzi aliwanyima penalti. Kijana wetu aliyefunga mabao yote mawili alitajwa mara moja tu, na jina lake likakosewa. Asubuhi gazeti likatoka na picha kubwa ya mshambuliaji wao ameinamisha kichwa. Rafiki zangu wanaowashabikia vigogo hao wanasema nina wivu, eti vyombo vya habari vinawaonea wao! Je, upendeleo upo, au ni macho yangu ya ushabiki? Nifanye nini?
Shabiki wa Timu ya Tisa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Upendeleo upo, na unakuuma kwa haki. Nimefanya kazi dawati la michezo miaka mingi, na nimeuona unavyotengenezwa bila mtu yeyote kutoa amri.

Klabu kubwa ina mwandishi wake wa kudumu chumba cha habari. Kila jioni lazima awasilishe kitu, kwa hiyo hata msuli wa paja uliokaza mazoezini unakuwa habari. Klabu yako haina mwandishi, inaandikwa siku inapokutana na wakubwa. Siku hiyo mpiga picha anakaa nyuma ya goli ambalo kigogo analishambulia, kwa sababu anajua picha ya nyota wao ndiyo itakayonunuliwa. Mechi ikiisha kinyume na matarajio, mezani kwa mhariri zinaletwa picha tele za walioshindwa na moja ya mfungaji wenu, imetoka na ukungu. Muda wa kwenda mtamboni umefika. Kichwa cha habari kinafuata picha iliyopo.

Kwenye televisheni ni hivyo hivyo. Mechi inayotarajiwa kuvuta watazamaji wengi hupangiwa kamera nyingi, na zile nyingine hupata chache. Mchambuzi anapotaka kuonyesha penalti mliyonyimwa mkicheza na wadogo wenzenu, pembe ya kuionyesha haipo. Penalti ya kigogo anaionyesha kutoka mbele, nyuma na juu. Mtazamaji anaondoka akiamini kigogo ndiye anayeonewa zaidi, kumbe ndiye anayeonekana zaidi.

Halafu kuna fedha, na hapa naomba unisome taratibu. Kwa miaka mingi Ligi Kuu ya Uingereza imekuwa ikigawa mapato ya televisheni ya ndani hivi: nusu sawa kwa klabu zote, robo kwa nafasi kwenye msimamo, na robo kwa idadi ya mechi za klabu zilizoonyeshwa moja kwa moja. Maana yake kuonyeshwa kwenyewe ni mapato. Anayependwa na kamera anapata zaidi, ananunua wachezaji bora, kamera zinazidi kumpenda. Hispania ilikuwa mbaya zaidi. Kila klabu iliuza haki zake za matangazo yenyewe, na Real Madrid na Barcelona zikaziacha nyingine mbali sana. Ilibidi serikali itunge sheria mwaka 2015 ili haki ziuzwe kwa pamoja, nusu ya fedha za daraja la kwanza zigawanywe sawa, na nyingine zifuate matokeo na ukubwa wa mashabiki. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba unalalamikia maneno tu.

Kuhusu wivu. Rafiki zako hawakudanganyi, wanaamini wanachosema. Mwaka 1951 timu za vyuo vya Princeton na Dartmouth, Marekani, zilicheza mechi ya rafu nyingi ya mpira wa Kimarekani. Watafiti Hastorf na Cantril wakawaonyesha wanafunzi wa pande zote mbili filamu ile ile na kuwaomba wahesabu makosa. Wale wa Princeton waliona Dartmouth wakifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Filamu moja, mechi mbili. Ushabiki unatufanya hivyo sote, wewe na wao.

Ndiyo maana nakushauri utenganishe mambo mawili. Wingi wa habari mimi nausamehe: klabu yenye mashabiki wengi itaandikwa sana, na gazeti linahitaji wasomaji. Nisichosamehe ni kipimo kuwa viwili. Beki wenu akivuta jezi ni mchezo mchafu, wa kwao akivuta ni uzoefu. Ninyi mkilinda lango dakika tisini mnaua mpira, wao wakilinda wamekomaa kimbinu. Mwaka 2016 Leicester City ilitwaa ubingwa wa Uingereza kwa tofauti ya pointi 10, baada ya kampuni za kamari kuipa nafasi ya moja kwa 5,000. Bado nilisikia watu wakijadili wakubwa wamekosea wapi, wakati N'Golo Kanté na Riyad Mahrez walikuwa wakicheza soka la kupendeza kila wiki. Huo ni uonevu wa wazi, nao una majina na tarehe.

Basi andika. Usiandike "mnatupendelea wale", barua hiyo haimbani mtu. Taja kipindi, siku, jina lililokosewa, na rafu mbili zinazofanana zilizohukumiwa tofauti. Barua ya namna hiyo hujadiliwa kwenye kikao cha asubuhi. Pia soma na sikiliza wanaoiandika timu yako vizuri, hata wakiwa wadogo. Hispania, magazeti makubwa ya michezo ni ya Madrid na Barcelona, lakini watu wa Valencia wana Superdeporte na wa Sevilla wana Estadio Deportivo, na humo timu yao ndiyo habari ya kwanza.

Na jambo moja kwa viongozi wa klabu yenu, uwafikishie. Ofisa habari wa kigogo hupokea simu usiku, hutuma picha safi na orodha ya kikosi yenye majina yaliyoandikwa sawasawa, na mchezaji aliyefunga huletwa kwa waandishi kabla hajaenda kuoga. Klabu nyingi za ukubwa wa kwenu zimewahi kunifungia mlango hata baada ya ushindi mkubwa. Waulizeni kwenye mkutano mkuu wa wanachama nani anafanya kazi hiyo, na kama hayupo, ataajiriwa lini.