Kabla Hujahama Kampuni ya Intaneti, Weka Daftari Kando ya Ruta

Usiku wa tarehe 19 nilikuwa na marejesho ya VAT ya nyumba tatu za wageni, na mwisho wa kuyapeleka ni tarehe 20 ya kila mwezi. Saa tatu usiku taa ya LOS kwenye ruta, ile inayoonya kwamba mwanga wa waya wa faiba haufiki, ikageuka nyekundu, ikaanza kupepesa. Kazi niliimalizia kwa bando la simu, nimekaa barazani kwa sababu ndani mtandao wa simu haushiki, mbu wananila miguu. Ilikuwa mara ya nne mwezi huo. Kulipokucha nilishaamua: nahama.

Aliyenizuia ni jirani yangu, mama wa makamo tunayepakana naye ukuta hapa Malindi. Nilikwenda kumuuliza kuhusu kampuni yake, maana yeye yuko kwingine kabisa. Akaniambia, "Mwanangu, hata mimi jana sikuwa na mtandao. Umerudi alfajiri."

Nikatoka nje nikatazama nguzo. Nyaya zake na zangu zimefungwa kwenye nguzo zilezile, zinapita chini ya minazi ileile, zinatokea upande mmoja wa mtaa. Kuti likidondoka, au lori la mawe likipita na kuzivuta, zinaondoka pamoja. Ningehama siku ile ningelipia kuunganishiwa upya ili nikae gizani na waya wa rangi nyingine.

Nikachukua daftari la shule, nikalifunga uzi na kalamu, nikalitundika kando ya ruta. Kila mtandao ulipokatika niliandika mambo matano: saa ilipokatika, taa zilivyokuwa, stima ipo au haipo, jirani anao au hana, na saa uliporudi. Nikipiga simu kwa kampuni naongeza na namba ya tiketi. Nilifanya hivyo wiki sita, na nakusihi nawe ufanye hivyo kabla ya kutoa hata shilingi. Hasira hukumbuka siku mbaya tu. Daftari huandika zote.

Nilipohesabu nilipata mikatiko 14. Sita ilikuwa stima. Sikulitegemea hilo, kwa sababu stima ikirudi haraka mtu huona kilichobaki ni intaneti iliyokwama, wakati ruta ndiyo kwanza inaamka. Faiba ya nyumbani kwa kawaida haihitaji umeme njiani, ni mwanga unapita kwenye uzi wa kioo. Kinachotaka stima ni ruta yako na mitambo iliyo kwa kampuni. Nilinunua UPS ndogo ya ruta, betri ya ukubwa wa kitabu inayokaa kati ya plagi na ruta, na karibu mikatiko yote ya aina hiyo ikaisha. Lakini soma kwanza maandishi yaliyo chini ya ruta yako: ziko za volti 12 na ziko za volti 9, na ukikosea unaweza kuiunguza.

Miwili haikuwa kukatika hata kidogo. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe, kuta nene, na fundi wa kwanza aliiweka ruta sebuleni nyuma ya televisheni. Chumbani ninapofanyia kazi waifai ilikuwa inafika imechoka. Jaribu hivi: chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya. Kama kwa waya inakimbia na kwa waifai inajikokota, kampuni haina kosa, ukuta ndio unaokula mawimbi. Kama ruta yako inatoa waifai mbili, ile ya 5 GHz ina kasi lakini hushindwa na kuta, ya 2.4 GHz hupenya zaidi. Mimi niliihamishia ruta kwenye korido, mambo yakatulia.

Sita iliyobaki ndiyo iliyokuwa ya LOS, yaani mwanga haufiki. Mara nne jirani naye hakuwa na mtandao. Mara mbili ilikuwa mimi peke yangu, na moja kati ya hizo ilinifundisha kuliko zote.

Ilikuwa masika, mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Fundi alifika siku ya nne tangu nilipopiga simu. Kijana mpole, mchapakazi, sina neno naye. Aliweka kipimo chake cha nguvu ya mwanga kwenye waya wa nyumbani kwangu kikasoma hasi 31; hasi ikizidi, mwanga umefifia zaidi. "Dada, ikishapita hasi 27 ruta haioni mwanga vizuri," akaniambia. Akapanda ngazi, akafungua kisanduku cheusi kwenye nguzo, maji yakamwagika. Ndani sisimizi walikuwa wamejenga, mayai meupe yamezunguka maungio. Akaufuta ule uzi kwa spiriti, akaukata kwa kisu chake maalumu, akalaza ncha mbili ndani ya mashine. Kwenye kioo niliziona zikisogeleana kama nywele mbili, cheche moja ikapita, zikawa uzi mmoja. Kipimo kikasoma hasi 21.

Nikamuuliza maji yaliingiaje. Akanionyesha mpira wa kuzibia mlango wa kisanduku: haukuwahi kubanwa tangu siku ya kwanza. Kosa hilo halikuwa la mnazi wala la lori, na siku nne za kulisubiri hazikuwa za mvua peke yake.

Hapo nikarudi kwenye safu ya mwisho ya daftari, ile ya saa mtandao uliporudi. Zile mara nne tulizokatikiwa pamoja, kwa sababu moja, kwenye nguzo moja, jirani alirudi siku ileile au asubuhi yake. Mimi nilisubiri siku mbili, mara moja siku tatu. Kila mtaa waya utakatika. Ninachonunua mimi ni mtu wa kuja kuuunga, na kampuni yangu haikuwa naye wa kutosha upande huu wa Pwani. Kasi waliyoniahidi kwenye tangazo haikuwa na uzito tena.

Kuna na siku ambazo kuhama hakukusaidii, na ni haki kuzitenga. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika upande wa Afrika Kusini na intaneti ikadorora Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo taa za ruta huwa kijani, LOS haiwaki, ila tovuti za nje zinavuta miguu. Siku hiyo usimpigie fundi kelele. Uliza tu, kabla ya kuhama, kama kampuni unayoiendea ina njia zaidi ya moja ya kutoka nje ya nchi.

Setilaiti niliifikiria pia. Starlink ipo Kenya tangu Julai 2023, na kwa mtu wa shambani au kisiwani ambako faiba haijafika ningemwambia aitazame kwa makini. Sahani inataka anga wazi. Kwetu kuna muembe mkubwa na minazi mitatu, na mti wa marehemu babu siukati kwa ajili ya intaneti.

Basi nilihama, lakini kwa utaratibu. Kwanza nilirudi kwa kampuni ya zamani na daftari mkononi, nikawaonyesha namba za tiketi na siku nilizolipia bila kupata huduma. Walinirudishia wiki moja kwenye akaunti, na wewe usione haya kudai. Ukilalamika kwao ukapuuzwa, unaweza kufika Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya; wao hutaka uwe umeanza kwa kampuni yenyewe, na hapo ndipo tarehe na namba zako zitakapokusemea.

Kisha nikaunganisha mpya kabla ya kukata ya zamani. Mwezi mmoja nililipia zote mbili, na iliniuma, lakini ningekata kwanza halafu mafundi wapya wachelewe, marejesho ya wateja wangu yangelala. Siku walipokuja nilisimama chini ya nguzo nikamwomba fundi anionyeshe kisanduku kimefungwa, mpira umebanwa, na kipimo kinasoma ngapi. Hasi 19. Nikaiandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, ili siku ikishuka nijue imeshuka kutoka wapi.

Ruta ya zamani ilikuwa mali yao. Niliifuta vumbi, nikaifunga na adapta yake, nikaipeleka ofisini kwa tuktuk, na sikutoka mlangoni mpaka waliponipa karatasi yenye muhuri kwamba wameipokea na akaunti imefungwa.