Usimtoe wakili wako ati kwa sababu benki ina wake

Usisaini huo mkataba wa kununua nyumba Ijumaa. Nimesoma swali lako na moyo umenidunda, maneno uliyoandika ndiyo yale yale nilikuwa nasema mimi 2019. Unasema umeletewa orodha ya gharama za mogeji, yaani mkopo wa nyumba, na kila kitu kimejirudia, mawakili wawili, valuesheni mbili za kukadiria thamani ya nyumba, ushuru wa stempu mara mbili, ajenti amekwambia huyo wakili wako mtoe tu kwa sababu wa benki anatosha. Wacha nianze na wakili maana hapo ndipo nilipoungua.

Nilikuwa nanunua mezoneti, nyumba ya ghorofa ya vyumba vitatu, Syokimau karibu na Nairobi, shilingi milioni 8.5, benki imekubali kunikopesha asilimia 90. Wakili niliyekuwa nimempata alitaka kama laki moja na nusu, na yule wa benki pia nalipa mimi. Ajenti akaniambia, "Boss, mawakili wawili wa nini? Nyumba ni moja, hati ni moja." Nikaona ana akili. Nikamwachisha wangu, nikasaini mkataba ulioandikwa na wakili wa muuzaji, nikaweka dipositi ya asilimia 10, yaani 850,000.

Ule mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja na mimi niliangalia jina langu, nambari ya kitambulisho na bei, basi. Na msinianzie ati ningesoma, hata nyinyi masharti ya mkopo wa simu mnabonyeza tu "nakubali". Ukurasa wa sita, mstari mmoja katikati, uliandikwa kwamba dipositi inaachiliwa kwa muuzaji siku ya kusaini, badala ya kukaa kwa wakili mpaka mauzo yakamilike. Na hapakuwa popote na neno linalosema mkopo usipotoka, au ukitoka pungufu, narudishiwa pesa yangu.

Mthamini wa benki akaja, akazunguka nyumba nusu saa, akaandika milioni 7.6. Sasa elewa, benki haifuati tu bei mliyopatana, inachukua bei au thamani, ile iliyo chini. Asilimia 90 ya 7.6 ni milioni 6.84. Jumlisha na dipositi, bado kuna shimo la 810,000 la kuziba mwenyewe, na ushuru wa stempu 340,000 unanisubiri hapo mbele. Nikakimbia kwa wakili wa benki na faili yangu kwapani, nikamwambia tafadhali tuongee na muuzaji. Akasoma ukurasa wa sita, akaugeuza ukanielekea, akausukuma taratibu juu ya meza. "Mteja wangu ni benki. Kwa hili tafuta wakili wako."

Huyo simlaumu, alisema ukweli. Kazi yake ni kuhakikisha nikishindwa kulipa benki inaweza kuuza ile nyumba. Pesa inatoka mfukoni mwangu lakini anayelindwa ni benki, na mimi nilikuwa nimemfukuza mtu wa pekee ambaye angenilinda mimi.

Nikazunguka, sacco, shemeji, kazini kuomba adivansi, siku 90 za mkataba zikaisha. Nikapewa notisi ya siku 21, nayo ikaisha. Mkataba ukavunjwa na 850,000 ikabaki kwa muuzaji, kihalali kabisa, na sahihi ni yangu. Ajenti akaacha kushika simu. Mtu asije hapa kumtetea ati hakujua, hiyo ndiyo kazi anafanya kila siku! Anajua wakili wa mnunuzi ndiye anayesema "ngoja kwanza", na yeye komisheni yake haitaki kungojea. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "nyumba ni moja" tumbo linanikata.

Kwa hivyo gharama ikijirudia usiulize mbona ni mbili, uliza anayelipwa anamfanyia nani kazi. Stempu ya kwanza ni ya kuhamisha umiliki, asilimia 4 mjini na 2 nje ya miji, ya pili ni ya kuandikisha rehani ya benki, asilimia 0.1 ya mkopo, kwangu ingekuwa 6,840, hiyo usipoteze usingizi. Valuesheni ya benki ni ya benki, wanataka kujua wakiipiga mnada watapata ngapi, na ya serikali ni ya kujua ushuru ukatwe kwa thamani gani. Wote hao hakuna anayekaa upande wako. Wakili WAKO, uliyemchagua mwenyewe na si yule ambaye ajenti "anamfahamu", ndiye peke yake, na lazima ausome mkataba KABLA ya sahihi, kwa sababu baada ya sahihi hata awe hodari vipi atakusomea tu vile umeumia.

Mpelekee mkataba kesho. Mwambie dipositi ikae kwa wakili mpaka mwisho, na kiandikwe kifungu kwamba mkopo ukikosekana au ukipungua unarudishiwa. Muuzaji akikataa hivyo viwili, ondoka. Na ajenti akikuambia kuna mteja mwingine anaitaka hiyo nyumba Ijumaa, mwambie amuuzie huyo.